Vitu vya Ibada si Mapambo ya Sebule

Katika fukwe za Afrika Mashariki, tangu Malindi hadi Unguja, yameenea majumba ya mapumziko ya watu binafsi. Mwenye jumba hulikalia majuma machache kwa mwaka. Siku zilizobaki hulindwa na askari na kufagiliwa na mtumishi ambaye mwenyewe anaishi katika chumba cha kupanga. Siku hizi bwawa la kuogelea na upepo wa bahari havitoshi. Jumba hutakiwa pia liwe na "roho". Basi mlango wa kale wa nakshi hugeuzwa meza ya kulia, sanamu ya Buddha huwekwa karibu na bafu, na mti uliochongwa kwa ajili ya marehemu husimamishwa nyuma ya kochi.

Wapo wanaodai kuwa hilo ni suala la kupenda na kutopenda tu. Wamekosea. Kitu cha ibada kina wenyewe. Kikiondolewa kwa wenyewe ili kiwe pambo, huo ni unyang'anyi, hata kama fedha imelipwa.

Ushahidi upo. Wagiriama wa pwani ya Kenya huwachongea wazee wa chama cha Gohu, wanapofariki, miti iitwayo vigango. Kigango husimamishwa ili roho ya marehemu ipate utulivu, nacho huachwa kioze mahali pake. Mwaka 1985 mtaalamu kutoka Marekani, Monica Udvardy, alimpiga picha mzee mmoja kando ya vigango viwili alivyowasimamishia ndugu zake. Muda si mrefu vigango hivyo viliibwa. Kuanzia mwaka 1999 ilibainika kuwa vimo katika makumbusho ya vyuo viwili vya Marekani. Mwaka 2007 kimoja kilirudishwa kwa ukoo wake, na mzee mwenyewe alikuwa amekwisha kufariki. Makumbusho ya Denver nayo iliamua mwaka 2014 kurudisha vigango 30 ilivyopewa na wakusanyaji binafsi. Mwizi wa usiku asingalihangaika na mti mkavu wa makaburini kama pasingalikuwa na sebule ya tajiri inayoungoja.

Tanzania haikosi kinga. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 ilitaja waziwazi milango ya mbao na miimo yake iliyochongwa kabla ya mwaka 1940 kuwa ni vitu vya kulindwa. Waliotunga sheria hiyo walijua kwamba mlango wa mwambao ni zaidi ya ubao. Mingi imechongwa aya za Kurani juu ya kizingiti, ili kila aingiaye apite chini ya jina la Mwenyezi Mungu. Aya hiyo haikuchongwa ili iwekewe chupa za mvinyo.

Watetezi wa majumba hayo husema kwamba huleta ajira na kuinua sanaa. Hoja hiyo ina kweli nusu. Fundi wa Unguja anayechonga mlango mpya na kuuza kwa bei ya haki hula jasho lake, wala hakuna aliyeibiwa. Lakini mlango ung'olewao katika nyumba ya mjane mwenye shida haumpi kazi fundi yeyote. Humtajirisha dalali.

Huenda mwalimu wa Kabanga, katika nyanda za juu za Kasulu, akadhani haya ni mambo ya watu wa pwani. La hasha. Buha nayo ilikuwa na Mwami wa Heru, na ngoma za Mwami zilikuwa na heshima yake, zikiwa na wenye haki ya kuzipiga na siku ya kuzipiga. Utawala wa machifu ulifutwa kisheria mwaka 1963, na ilikuwa haki ufutwe. Lakini kufuta utawala hakukuwa ruhusa ya kuuza kumbukumbu za watu. Dalali aliyemaliza pwani atapanda milima. Walimu wanaotoka Chuo cha Ualimu Kabanga ndio watakaowafundisha watoto wa Buha kutofautisha urithi na bidhaa, na mtoto asiyefundishwa atauza kwa bei ya baiskeli.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na nyumba za kupangisha. Masharti hayo yalilegezwa Zanzibar mwaka 1991. Hata hivyo, hakuna kikao kilichompa mtumishi wa umma ruhusa ya kufumba macho kitu cha kale kinapopakiwa garini, au kutia sahihi karatasi ya kukisafirisha huku akijua kilikotoka. Afisa utamaduni, afisa forodha na mwalimu mkuu wanalo jukumu moja: kuuliza kitu hiki ni cha nani, na kutokubali jibu la noti.

Tajiri anayetafuta utulivu wa roho na autafute. Hataupata kwa kulala chini ya kitu alichonyang'anywa maiti. Mwacha asili ni mtumwa. Na anayewauzia wengine asili ya wenzake ni mfanyabiashara ya watumwa.