Chama cha Programu Si Mali ya Fundi Mmoja

Msomaji kijana, ukitaka kujua kama chama ki hai au kimekufa, usihesabu vikombe vilivyo kabatini. Uliza swali moja tu: mwanachama hodari kuliko wote akiondoka leo, je, kesho kazi itaendelea? Ikiwa itaendelea, chama kipo. Ikiwa itasimama, hapakuwa na chama tangu mwanzo. Palikuwa na mtu mmoja na watazamaji wake.

Nasema haya juu ya vyama vya wanafunzi vya uhandisi wa programu. Hapa Gataka, na kwingineko katika Kajiado hata Kitengela, kijana anayejiunga na chama cha namna hii hutumaini kufundishwa kuandika maagizo ambayo kompyuta itayatii. Tumaini hilo ni jema. Walakini aghalabu hukuta mambo mengine. Kompyuta ni chache. Mwenyekiti, aliyechaguliwa kwa kuwa anajua zaidi, ameketi mbele ya mashine. Wenzake watano wamesimama nyuma yake wakitazama vidole vyake. Maneno ya siri ya kufungulia kazi yamo kichwani mwake. Mashindano yakikaribia hukesha, akamaliza kila kitu peke yake, na shule ikapata sifa. Novemba hufanya mtihani wake wa mwisho, akaenda kwao, na programu ikaenda naye. Januari wageni huanza upya. Hivyo chama huzaliwa kila mwaka na kuzikwa kila mwaka.

Jambo hili si ajali, wala si upungufu wa akili za vijana wetu. Ni kosa la uongozi, na kosa la uongozi hutengenezeka.

Yafaa kwanza tujue maana ya jina tulilojipa. Mtu mmoja aweza kuandika programu chumbani mwake, na isiwe uhandisi. Uhandisi huanza pale watu wengi, kwa muda mrefu, wanapopaswa kuitunza kazi ile ile. Mwezi wa Oktoba 1968 wataalamu walikutana Garmisch, nchini Ujerumani, kuzungumza juu ya uhandisi wa programu, maana programu kubwa za siku zile zilichelewa, zilizidi gharama na zilijaa makosa. Mafundi hodari walikuwako. Kilichokosekana ni utaratibu wa kufanya kazi pamoja. Miaka mingi imepita tangu hapo, na ugonjwa ule ule tunaulea katika vyama vyetu vidogo.

Tazama basi mfano wa nyumbani. Januari 2008, wakati Kenya ilipokuwa katika machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, Ory Okolloh na wenzake, miongoni mwao David Kobia, Juliana Rotich na Erik Hersman, walianzisha programu ya Ushahidi. Ilipokea habari za wananchi kwa simu na kwa intaneti, ikazionyesha juu ya ramani. Baadaye maandishi ya programu hiyo yaliwekwa wazi ili kila ajuaye aweze kuyasoma na kuyatumia. Tarehe 12 Januari 2010 tetemeko la ardhi liliipiga Haiti. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Tufts, Marekani, wakawa miongoni mwa walioitumia programu hiyo kuonyesha ramanini mahali palipohitaji msaada. Kazi iliyoanzwa kwa msiba wa Kenya ilipata mikono mingine kwa msiba wa Haiti. Kama ingalifungiwa kichwani mwa mtu mmoja, isingalivuka bahari.

Najua watetezi wa desturi ya sasa watasema nini. Watasema kwamba fundi mmoja humaliza kazi upesi kuliko wanafunzi sita wanaojifunza. Ni kweli. Hata Fred Brooks, katika kitabu chake cha mwaka 1975, alionyesha kwamba ukiongeza watu katika kazi ya programu iliyokwisha kuchelewa, waichelewesha zaidi. Lakini sababu ni nini? Ni kwamba wageni lazima wafundishwe, na anayewafundisha huacha kazi yake. Basi wafundishwe Februari, wakati upo, si usiku wa kuamkia mashindano. Asiyefundisha mapema hana haki ya kulalamika baadaye kwamba hana wa kumsaidia.

Watasema pia kwamba kompyuta ni chache. Uchache ni sababu ya kugawana, si sababu ya kuhodhi. Penye kompyuta moja, mmoja aandike na mwenzake aketi karibu akisoma na kuuliza. Baada ya dakika 20 wabadilishane. Wengine wapange kazi kwa kalamu na karatasi, na wengine watunge majaribio ya kuikamata programu katika makosa. Wala anayejaribu asidharauliwe. Tarehe 4 Juni 1996 roketi ya Ulaya iitwayo Ariane 5 iliharibika chini ya sekunde 40 baada ya kuanza safari yake ya kwanza. Sehemu ya programu yake ilichukuliwa kutoka Ariane 4, nayo haikujaribiwa kwa mwendo wa roketi mpya. Tarakimu moja ikawa kubwa kuliko nafasi iliyowekewa. Mjaribu mmoja mkaidi angaliweza kuiokoa.

Tena watasema kwamba kuandika kumbukumbu ni kupoteza wakati. Waende wakawatazame akina mama wa vyama vya akiba. Kila shilingi huandikwa daftarini mbele ya macho ya wote, na katika vyama vingi kisanduku kina kufuli 3, na funguo ziko kwa watu 3. Mama mmoja akihama, chama hakihami naye. Sisi walimu nasi tulifunzwa hivyo chuoni: mwalimu huandika azimio la kazi na rekodi ya kazi, ili akiugua, mwenzake ashike chaki pale alipoiachia. Je, wanaojiita wahandisi washindwe na daftari?

Basi nashauri sheria hizi. Mosi, mwenyekiti aongoze mikutano, asimiliki programu. Na cheo chake kiwe cha muda uliotajwa. Pili, kazi ya mtu yeyote, hata ya aliye hodari, isipokewe mpaka mwenzake ameisoma. Na anayesoma asahihishe kazi, asimtukane mtu. Tatu, liwepo daftari linaloeleza lililofanywa, sababu yake, na lililobaki. Na maneno ya siri yajulikane pia kwa mwalimu mlezi. Nne, wasichana wasifanywe makatibu wa milele wa mawazo ya wavulana. Zamu ya kuandika programu iwe ya kila mwanachama. Tano, chama kichague kazi inayomfaa mtu fulani, kama vile orodha ya vitabu vya maktaba au hesabu ya maji yanayonunuliwa na shule wakati wa kiangazi. Programu yenye mtumiaji haiwezi kusahauliwa, maana ikiharibika yuko atakayeuliza.

Sita, na hii ndiyo kubwa: mara moja kila muhula, hodari wa chama akae kando bila kusema neno, na mwanachama mgeni aiendeshe programu kwa kulisoma daftari tu. Hapo ndipo utakapoona mahali palipoandikwa vibaya na mahali pasipoandikwa kabisa. Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone.

Haja hii sasa ni kubwa kuliko zamani. Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa darasa la 10 waliingia sekondari ya juu, ambayo ni ya miaka 3, si 4 kama ilivyokuwa katika utaratibu unaomalizika. Muda wa kurithishana umepungua kwa mwaka mzima. Chama kilichoshindwa kurithisha kwa miaka 4 kitarithisha vipi kwa 3, kama hakikubadili mwenendo?

Kwa walimu wenzangu nasema: kikombe ni kizuri, lakini hakifundishi mtu. Mkisifu, msifuni pia aliyemwezesha mwenziwe. Na wewe kijana uliye hodari, usidhani nakuonea wivu. Kipaji chako ni neema kwa shule yako. Lakini kidole kimoja hakivunji chawa, na ujuzi usiogawanywa huondoka siku mwenyewe anapofunga sanduku lake. Muhula ujao, inuka katika kiti, umpe aliyesimama nyuma yako. Atakosea, mwache akosee, umwonyeshe, ajaribu tena.