Fumbo gumu halina ubaya, fumbo la hila lina

Wanaoukumbuka King's Quest V, mchezo wa kompyuta uliotolewa na kampuni ya Sierra ya Marekani mwaka 1990, husifu picha zake zilizochorwa kwa mkono na urahisi wa kubofya kwa kipanya badala ya kuandika amri. Sifa hizo zinastahili. Lakini mchezo huo una kasoro ambayo mashabiki wengi huitetea kwa kuiita ugumu, na utetezi huo haufai. Mbele ya duka la mikate, paka anapita mbio akimfukuza panya. Mchezaji ana sekunde chache za kumtupia paka kiatu kikuukuu, kama amebahatika kukiokota jangwani. Akichelewa, mambo yanaendelea kana kwamba hakuna lililotokea. Baadaye sana Mfalme Graham, mhusika anayeongozwa na mchezaji, anafungwa kamba katika stoo ya chini ya nyumba ya wageni. Panya aliyeokolewa huja kuzitafuna kamba hizo. Asipookolewa, safari inaishia hapo. Kuna pai pia. Graham anaweza kuila, na mchezo unamruhusu bila kumwonya, kumbe ndiyo pekee itakayomwondoa yeti mlimani.

Huo si ugumu. Katika kitendawili, aliyeshindwa hutoa mji na kupewa jibu papo hapo, na akishalisikia hukubali kwamba dalili zote zilikuwamo. Mchezaji wa King's Quest V haambiwi kwamba ameshashindwa. Anaachwa azunguke kwa saa nyingi akitafuta njia ambayo haipo tena, na kama hakuhifadhi nakala ya zamani ya mchezo wake, hana budi kuanza upya.

Wapo watakaosema ndivyo teknolojia ya enzi hizo ilivyoruhusu. Sivyo. Mwaka 1989 Ron Gilbert wa Lucasfilm Games aliandika makala akilalamikia mitego ya aina hii, na mwaka uliofuata, huohuo wa King's Quest V, kampuni yake ikatoa The Secret of Monkey Island. Humo Guybrush, mhusika mkuu, anatupwa baharini akiwa amefungwa kwenye sanamu nzito. Visu na panga vimetapakaa kando yake, vyote mbali kidogo na mkono. Mchezaji anahangaika navyo, hadi anapogundua kwamba sanamu yenyewe inabebeka: aiokote tu, aondoke nayo. Fumbo hilo limewasumbua wengi, ila jibu lilikuwa mbele ya macho yao tangu mwanzo, na Guybrush ana dakika 10 nzima za kukaa chini ya maji.

Hoja nzito zaidi ni ya pesa: michezo hii iliuzwa ghali, na mnunuzi alitaka idumu. Ni kweli, lakini saa za kurudia njia ileile haziongezi hadithi wala akili. Sierra yenyewe iliuza vitabu vya madokezo na kuwa na simu ya kulipia ya msaada, dalili kwamba wengi hawakufika mwisho kwa kufikiri peke yao. Leo majibu yote yako kwenye intaneti, na hilo halilitakasi fumbo lisilofumbulika bila kuchungulia. King's Quest V ukumbukwe kwa picha zake. Anayetunga mchezo leo asiige mafumbo yake.