Degedege Si Pepo

Mvua zikinyesha hapa Mbugani maji hutuama majarubani, mbu huzaliana, na homa huingia majumbani. Ndipo mtoto mdogo hushikwa na degedege, na baadhi ya wazee husema, "Ni pepo huyo, mpelekeni kwa mganga." Napenda kutoa maoni yangu juu ya jambo hili.

Kwa jirani zetu wa Malawi, Hospitali ya Queen Elizabeth mjini Blantyre ilipata mwaka 2008 mashine ya sumaku inayopiga picha ya ubongo bila kupasua kichwa. Madaktari waliwapiga picha watoto 168 wenye malaria iliyopanda kichwani. Mwaka 2015 walitangaza waliyoyaona: katika watoto 25 waliokufa, 21 ubongo wao ulikuwa umevimba mno. Uvimbe huo hubana mahali panapoongoza pumzi, na mtoto huacha kupumua. Je, pepo yuko wapi hapo?

Tena sumaku ya namna hiyo, ikiwa na nguvu ya kutosha, yaweza kupima hata kemikali zilizomo ubongoni. Sote twajua kuzungusha redio: hapa twapata Dar es Salaam, pale Malawi, kila stesheni na mawimbi yake. Kadhalika kila kemikali ndani ya sumaku hutoa mawimbi yake. Iitwayo laktati ikizidi, huwa dalili kwamba ubongo umekosa oksijeni. Hapana kisu wala sindano ya kuchoma ubongo.

Mtu atauliza, "Yatufaa nini, nayo haipo katika zahanati yetu?" Kweli haipo. Lakini elimu yake haingoji kuletwa kwa lori. Imetuonyesha kwamba ubongo ni kiungo kama ini na moyo: huumwa, huvimba, na hali yake hupimika. Kiungo kinachoumwa chataka dawa, tena mapema.

Si kila degedege hutokana na malaria hiyo, lakini nyumbani hakuna awezaye kutambua. Mwenye kupima ndiye ajuaye. Simdharau mzee yeyote. Nasema tu kwamba wakati tunaoupoteza kwa mganga, ugonjwa haupumziki.

Basi wanafunzi wenzangu, tukienda likizo tuwaeleze wazazi wetu kwa adabu: mtoto akishikwa na degedege, alazwe ubavu, asitiwe kitu kinywani, kisha mbio zahanati.

Mwanafunzi, Kidato cha Tatu