Kinyonga wa Watoto Anapopinda Miguu

Wapo akina mama kati yetu, hasa walioko Ulaya na Marekani, ambao watoto wao hufuga kinyonga nyumbani. Akianza kutetemeka, miguu ikapinda, akashindwa kushika tawi, tusidhani ni uzee. Sisi wauguzi tunamjua ndugu wa ugonjwa huo: ni matege. Amekosa kalsiamu, au amekosa jua. Kumweka nyuma ya dirisha hakusaidii, kwa maana kioo huzuia miale inayojenga mifupa. Aote jua lenyewe, akiwa na kivuli cha kukimbilia, au awekewe taa maalumu ya miale hiyo. Panzi wake wapakwe unga wa kalsiamu wa wanyama (si chokaa ya ukutani!). Jike mwenye mayai huumia upesi zaidi, maana mayai hula kalsiamu ya mwili wake. Sisi tuliobeba mimba tunalielewa hilo. Mfupa uliokwisha kupinda haunyooki sawasawa, hivyo daktari wa mifugo amwone mapema.

Macho yakididimia, ana kiu. Kwa kawaida hanywi bakulini. Tunyunyizie majani maji, alambe matone. Akifumba macho mchana, huyo ni mgonjwa.

Tukishamshika, tunawe kwa sabuni. Hubeba vijidudu vya salmonela hata akiwa mzima, na mtoto wa chini ya miaka 5 asimguse.