Kurudi Ulaya Kabla ya Kuugua

Miongoni mwa wauguzi wa hospitali za Marekani wamo waliopitia Ulaya kwanza. Baadhi yao ni wenyeji wa huko. Wengine walitoka Kenya, Uganda au Tanzania, wakafanya kazi Uingereza hadi wakapata uraia, kisha wakavuka Atlantiki kufuata mshahara. Baada ya miaka kumi hivi, swali huanza kuwasumbua wanapotoka zamu ya usiku: kurudi Ulaya au kubaki? Aghalabu hulijibu kwa kalamu na karatasi, mshahara ukiandikwa upande huu na gharama za maisha upande ule. Hesabu hiyo si mbaya. Kasoro yake ni kwamba mtu anayehesabiwa humo ni mzima daima.

Kwa mshahara pekee, Marekani huishinda Uingereza. Mwaka 2023 mshahara wa kati wa muuguzi aliyesajiliwa huko ulikuwa dola 86,070 kwa mwaka. Muuguzi aliyekuwa akianza kazi katika NHS, mfumo wa afya wa umma wa Uingereza, alilipwa pauni 28,407 katika England. Mizani hiyo haiko sawa kabisa, kwa kuwa mmoja ni wa kati na mwingine ni wa kuanzia, lakini hata mkongwe wa NHS hupata shida kuufikia mshahara wa mwenzake wa Texas. Ndugu walio nyumbani wanaosubiri karo huona upande huo tu, na hakuna wa kuwalaumu.

Achukuliwe sasa muuguzi mwenye uraia wa Uingereza anayeishi Texas, mwenye mtoto wa miaka 14 mgonjwa wa kisukari aina ya kwanza. Mtoto huyo anahitaji insulini kila siku ya maisha yake. Bima inayoilipia imefungamana na kazi ya mama. Sheria ya mwaka 2010 inayakataza makampuni ya bima kumkataa mtoto kwa sababu ya ugonjwa wake, na inamruhusu abaki katika bima ya mzazi hadi afikishe miaka 26. Hayo ni mema na yasemwe. Lakini mama akiugua mwenyewe, sheria ya mwaka 1993 humlindia nafasi yake ya kazi kwa wiki 12, bila mshahara. Akiipoteza kazi, aweza kuendelea na bima ile ile kwa miezi 18 hivi, ila atatakiwa kuilipia yote yeye mwenyewe, pamoja na sehemu iliyokuwa ikilipwa na mwajiri, na juu yake ada ndogo ya usimamizi. Yaani bima hupanda bei siku ile ile mshahara unapokatika.

Katika England mtoto huyo hatalipia dawa, na akiwa mtu mzima atapewa cheti cha msamaha kwa sababu anatumia insulini. Scotland na Wales hawatozi mtu yeyote dawa alizoandikiwa na daktari wa NHS. Haki hiyo haitokani na pasipoti, wala na kodi iliyolipwa zamani, bali na kuishi nchini kwa nia ya kukaa. Mhamiaji anayerudi kukaa huipata tangu anapowasili. Anayekuja wiki mbili kufanyiwa upasuaji kisha arejee Houston aweza kutozwa gharama kama mgeni mwingine.

Kutokana na haki hiyo, wengi hujiwekea mpango unaoonekana wa busara: kuchuma Marekani wakiwa na nguvu, kisha kurudi Ulaya siku watakapougua. Kisheria mpango huo hauna pingamizi kubwa. Kitabibu ni mpango hatari. Mgonjwa wa figo anayesafishwa damu mara tatu kwa wiki hawezi kupanda ndege kabla kituo cha ng'ambo hakijampa nafasi. Aliyepooza upande mmoja hawezi kuuza nyumba, kufunga mizigo na kutafuta makao mapya katika mji ambao rafiki zake wa zamani wameshahama. Na aliye katikati ya matibabu ya saratani akihama, huingia kwa daktari asiyemjua, aanze kueleza upya kila kitu. Kuhama ni kazi ya mtu mwenye afya.

Ulaya nako si peponi. NHS ya England ilijiwekea lengo la wiki 18 kutoka rufaa hadi kuanza matibabu, na lengo hilo halijafikiwa tangu mwaka 2016. Anayehitaji kubadilishiwa nyonga, akiwa na bima nzuri Marekani, yamkini atahudumiwa mapema zaidi akibaki alipo. Kijana bingwa asiye na mtegemezi wala ugonjwa hana haja ya kuharakisha. Muuguzi naye asisahau usajili wake: Uingereza huuhuisha kila miaka 3, na hudai saa 450 za kazi katika kipindi hicho. Aliyeacha usajili ufe hufika akiwa na uzoefu mwingi na ruhusa ya kufanya kazi hana.

Kwa wahudumu wa afya wanaomwandalia mgonjwa barua ya safari, yapo mambo madogo yenye madhara makubwa. Marekani hupima sukari kwa miligramu kwa desilita, Uingereza kwa milimoli kwa lita: 180 ya kule ni 10 ya huku. HbA1c ya asilimia 7 huandikwa 53. Albuterol ya Marekani ndiyo salbutamol ya Uingereza, na acetaminophen ndiyo paracetamol. Kwa hiyo barua itaje jina halisi la dawa, si la kibiashara, na kila kipimo kiandikwe pamoja na kizio chake. Insulini isafiri katika mkoba wa mkononi, kwa maana ndani ya shehena ya ndege yaweza kuganda ikaharibika.

Kwa yule mama wa Texas kuna jambo moja zaidi, nalo halihusu hospitali. Mwanafunzi anayetaka kulipa ada ya mwenyeji katika vyuo vikuu vya England hutakiwa, kwa kawaida, awe ameishi nchini miaka 3 kabla ya masomo kuanza. Mwanawe akiingia chuo akiwa na miaka 18, familia inapaswa kuwa imefika kabla hajatimiza 15. Uamuzi ambao mama alidhani una miaka kumi una miezi kadhaa tu, na mkataba wa nyumba yake unahuishwa mwezi ujao.