Pesa ya wazee iwe na tarehe

Inua Jamii humpa mzee aliyesajiliwa, wa miaka 70 kwenda juu, Sh2,000 kwa mwezi. Ukivuka mpaka, Uganda hulipa Sh25,000 zao, ambazo hazifiki elfu moja yetu, na lazima ufikishe miaka 80. Kwa hivyo wazee wa Busia na Malaba wana bahati? Ngoja kwanza. Malipo yakichelewa miezi miwili, nyanya hali bahati, anakula kwa deni dukani. Pesa ikiingia, mwenye duka anachukua yote, daftari linaanza upya. Sisi vijana tunaziba pengo kwa M-Pesa, kimya kimya. Mshahara wa mbunge una tarehe. Tudai hivyo hivyo kwa wazee: tarehe moja, kila mwezi, bila stori.