Anunuaye Fleti Kilimani Ananunua Nini Hasa?

Mtaa wa Kilimani, jijini Nairobi, una watu wa kila kabila na mataifa mengi, na umejulikana pia kwa karakana za Kuona, walikofanyia kazi wachoraji na wachongaji wetu. Wauzaji wa fleti huzitaja sifa hizi kwa bidii. Sina ugomvi nazo. Langu ni kumuuliza mwalimu aliyejiwekea akiba miaka ishirini katika chama cha ushirika: je, utakabidhiwa hati gani?

Zamani mnunuzi alizoea kupewa mkataba wa kukodi wa muda mrefu, hati kuu ya ardhi ikibaki kwa mjenzi au kampuni ya usimamizi. Sheria ya mwaka 2020, iliyoifuta ile ya 1987, yataka kila fleti iwe na hati yake, na wenye fleti wote wamiliki ngazi na ua kwa pamoja, wakiongozwa na shirika lao wenyewe. Basi muuzaji akikuonyesha picha tu, hata ziwe tamu vipi, mwache. Nenda na wakili katika ofisi ya ardhi. Uliza pia miaka iliyosalia.

Ama wasanii walioupamba mtaa, sidhani wengi wao wanazimudu bei hizo. Hilo nitalijadili siku nyingine.